Tulsidas ni nani na kwa nini Wahindu wanamsoma kama msahafu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wananiuliza kila nikitaja jina la Tulsidas. Mengine yanatoka kwa marafiki waislamu na wakristo ambao wamekaa jirani na Wahindu miaka yote bila kujua kile kinachoimbwa hekaluni ni nini, mengine yanatoka kwa vijana wa Kihindu wenyewe waliozaliwa huku Afrika Mashariki ambao Hanuman Chalisa, ule wimbo wa kumsifu Hanuman shujaa wa nyani, wanaijua kwa kichwa ila hawajui nani kaitunga. Huna haja ya kusoma yote kwa mpangilio, ila ukianza juu utaelewa vizuri ya chini.

## Mambo ya mwanzo

Tulsidas ni nani hasa?

Ni mshairi wa kaskazini mwa India aliyeishi karne ya 16 hadi mwanzoni mwa ya 17, zama za mfalme Akbar na mwanawe Jahangir. Sehemu kubwa ya maisha yake alikaa Varanasi, mji ambao wenyewe wanauita pia Kashi, pale kando ya mto Ganga, na hapohapo alifariki mwaka 1623, upande wa Assi Ghat. Watu wanamwita Goswami Tulsidas au Tulsi tu. Jina lenyewe lina maana ya mtumishi wa tulsi, ule mmea wa jamii ya mrehani ambao Wahindu wanaupanda uani na kuuheshimu.

Kazi yake kubwa ni Ramcharitmanas, utungo mrefu wa kishairi kuhusu maisha ya Rama. Mwenyewe anataja ndani ya kitabu kwamba alianza kuutunga Ayodhya, siku ya kuzaliwa kwa Rama, mwaka ambao kwa kalenda yetu ni 1574.

Rama ndo nani tena? Maana naona bila yeye hatuelewani.

Kwa kifupi sana: Rama ni mwana wa mfalme wa Ayodhya, na kwa Wahindu wengi ni Mungu Vishnu aliyeshuka duniani kwa umbo la binadamu. Siku moja kabla ya kutawazwa, mama yake wa kambo anadai ahadi ya zamani, basi Rama anafukuzwa kwenda porini miaka 14, anaondoka na mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana. Huko Sita anatekwa na Ravana mfalme wa Lanka, Rama anasaidiwa na jeshi la nyani la mfalme Sugriva, Hanuman akiwemo, wanavuka bahari, wanampiga Ravana, wanarudi nyumbani. Siku ya kurudi ndo inayokumbukwa na wengi kwenye Diwali.

Kwani Ramayana haikuwepo kabla yake?

Ilikuwepo, tena kwa zaidi ya miaka elfu na mia kadhaa. Ya kwanza kwa heshima ni ile ya Valmiki, iko kwa Kisanskriti, beti kama 24,000. Shida ni kwamba Kisanskriti ilikuwa lugha ya wasomi, na wasomi wengi walikuwa Mabrahmin, kasti ya makuhani. Mkulima, muuza mboga, mwanamke anayetwanga nyumbani, wao hadithi walikuwa wanasimuliwa na mtu mwingine.

Tulsidas akaitunga upya kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa Ayodhya na vijiji vya jirani. Siyo tafsiri ya Valmiki, ni utungo mpya kabisa. Tofauti zake nimezieleza chini kwenye swali la Valmiki.

Kwa hiyo yeye ni nabii?

Hapana, na hili swali naulizwa sana na watu wa kwetu maana sisi tukisikia kitabu kitakatifu tunatafuta nabii aliyeteremshiwa. Tulsidas hadai kateremshiwa kitu. Anasema hadithi aliisikia kwa mwalimu wake akiwa mtoto, mahali panapoitwa Sukarkhet, na kwamba wakati ule hakuielewa vizuri ila mwalimu akairudia na kuirudia mpaka ikaingia kidogo kichwani. Mimi hapo pananigusa kila nikipasoma. Mtu anayehesabiwa juu kabisa kwenye ushairi wa ibada anakiri kwamba alikuwa mtoto mzito kuelewa.

Wahindu wanamwita sant, yaani mcha Mungu wa kiwango cha juu ambaye maisha yake na maneno yake ni mwongozo.

## Nafasi yake kwenye maandiko ya Kihindu

Ramcharitmanas iko ngazi gani ukilinganisha na Veda?

Wahindu wana mgawanyo wa zamani. Kuna shruti, maana yake "kilichosikiwa", hapo ndo ziko Veda na Upanishadi, hizo hazina mtunzi binadamu kwa imani yao. Alafu kuna smriti, "kilichokumbukwa", hapo wanaweka Ramayana ya Valmiki, Mahabharata, Purana na kadhalika.

Ukienda kwa kanuni hiyo tu, kitabu cha Tulsidas hakina nafasi ya juu kabisa, ni utungo wa karne ya 16, kwa lugha ya mtaani, na mtunzi anajulikana kwa jina. Ila sasa nenda kijiji chochote cha Uttar Pradesh au Bihar uulize nyumba ngapi zina Veda ndani na ngapi zina Manas, ndivyo Ramcharitmanas inavyoitwa kwa kifupi. Veda utaikuta kwa wachache. Manas imefungwa kwa kitambaa chekundu, imewekwa juu ya kijistendi chake, inaguswa baada ya kunawa. Kuna wanaoiita Veda ya tano. Kwa hiyo kwa kanuni ni smriti ya juzijuzi, kwa maisha ya watu ni msahafu, na mimi naona hii ya pili ndo inayotuambia ukweli kuhusu nafasi yake, maana hakuna baraza la makuhani lililokaa likaamua, ni midomo ya watu iliyoisoma kila siku kwa zaidi ya miaka 400.

Wasomi wa dini walimkubali?

Siyo wote. Kuandika mambo matakatifu kwa lugha ya kawaida kulionekana kama kuyashusha. Mwenyewe alijua watacheka, ameandika mapema kabisa kwenye sehemu ya kwanza kwamba maneno yake ni ya lugha ya kawaida na akili yake ni nyepesi, yanastahili kuchekwa, na anayecheka hana kosa.

Kuna simulizi maarufu Varanasi kwamba Mabrahmin walitaka kukijaribu kitabu, wakakiweka ndani ya hekalu la Vishwanath usiku chini kabisa, juu yake wakapanga Veda na vitabu vingine, wakafunga mlango. Asubuhi wakakikuta juu ya vyote. Ni simulizi, ichukue kama simulizi, ila inaonyesha watu walikuwa wanabishania nini.

Bhakti ni nini na yeye anaingiaje?

Bhakti ni ibada ya mapenzi, mtu anamwendea Mungu moja kwa moja kwa moyo wake bila kutegemea kafara kubwa na elimu ya juu. Ilianza kusini kwa washairi wa Kitamil karne nyingi kabla, ikapanda kaskazini. Kwenye Kihindi watu huwa wanagawa washairi wa bhakti makundi mawili. Kuna wanaomwimba Mungu asiye na umbo, kama Kabir, na kuna wanaomwimba Mungu mwenye umbo na jina na hadithi, kama Surdas na Mirabai kwa Krishna, na Tulsidas kwa Rama.

Ila Tulsi mwenyewe hakutaka huo ugomvi. Anasema Mungu asiye na umbo na mwenye umbo ni mmoja, na kwamba Jina la Rama ni kubwa kuliko pande zote mbili, maana kwa Jina unazifikia zote. Alafu akafanya jambo jingine kubwa, akawapatanisha watu wa Shiva na watu wa Vishnu. Kwenye kitabu chake msimulizi mkuu wa hadithi ya Rama ni Shiva, anamsimulia mkewe Parvati, na Rama mwenyewe anasema mtu anayemchukia Shiva alafu akajiita mja wangu hatanipata hata ndotoni.

## Kitabu chenyewe

Jina Ramcharitmanas maana yake nini?

Ziwa la matendo ya Rama. Manas ni ziwa takatifu la Himalaya (Manasarovar) na pia ni neno la akili au moyo, kwa hiyo ni ziwa ambalo liko pia ndani ya moyo. Tulsi anaupeleka mfano mbali, anasema ziwa lina ngazi saba za kushukia majini, hizo ni sehemu saba za kitabu, na lina ghati nne, yaani pande nne za ukingo za kushukia majini, hayo ni mazungumzo manne: Shiva na Parvati, watawa Yajnavalkya na Bharadvaja, kunguru Kakbhushundi na ndege Garuda, na Tulsi mwenyewe na sisi tunaomsikiliza. Ndiyo, kunguru. Kunguru ndo mwalimu na Garuda mfalme wa ndege ndo mwanafunzi.

Sehemu hazilingani kabisa, ya kwanza Bal Kand ina doha 361 (doha ni beti fupi, nazieleza hapo chini) wakati Kishkindha Kand ina 30 tu.

Ni kama utenzi wetu?

Kwa kazi yake, ndiyo: ni utungo mrefu wa kisimulizi, umetungwa usomwe kwa sauti na kuimbwa, unaanza kwa sifa na dua kabla ya hadithi (anaanza na Saraswati na Ganesha), na mtunzi anajitaja jina ndani ya beti. Mtu aliyekulia kwenye tenzi hatopata shida kukaa na Manas.

Kwa ufundi kuna tofauti. Sisi mizani tunahesabu silabi, mshororo wa shairi una mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Wao wanahesabu matra, yaani uzito wa silabi, fupi ni moja ndefu ni mbili. Kipande cha chaupai kina matra 16, na vina mwishoni. Zinakwenda chaupai kadhaa zikikimbiza hadithi, alafu inakuja doha, mistari miwili ya matra 24 kila mmoja, ambayo inafunga wazo. Pakifika mahali pa hisia kali anabadilisha bahari ya shairi kabisa. Ukisikiliza hata bila kujua lugha utajua hapa pamebadilika.

Nasikia kuna maneno kama ya Kiswahili humo ndani, kweli?

Kweli, na hapa ndo napopapenda zaidi. Wakati wake Kiajemi kilikuwa lugha ya serikali, na kwa njia hiyo maneno ya Kiarabu yakaingia kwenye vinywa vya watu wa kawaida, naye hakuyakwepa. Anamwita Rama "garib nevaju", mwenye kuwahurumia maskini, na "sahib". Sisi tuna gharibu na sahibu, ila kwetu gharibu ni mgeni na sahibu ni rafiki, kwao garib ni maskini na sahib ni bwana. Kwenye Vinaya Patrika anasema yeye ni "Ram ko gulam", mtumwa wa Rama, ghulamu yetu hiyo, na kwamba jina lake aliitwa Rambola.

Na kwenye Kavitavali, akijibu watu wanaomsengenya kuhusu kasti yake, anasema mniite mnavyotaka, laghai au mtawa, mimi sina mtoto wa kiume wa kumuozesha binti wa mtu, nitaomba chakula nile na nitalala "masit", msikitini. Mshairi mkubwa wa Rama anasema atalala msikitini. Sijui kwa nini ubeti huu hautajwi kila siku.

Tofauti kubwa na Ramayana ya Valmiki ni zipi?

Kubwa kuliko zote ni kwamba kwa Valmiki Rama anaonekana zaidi kama binadamu mkamilifu, anahuzunika na kuchanganyikiwa kama mtu. Kwa Tulsi ni Mungu tangu ukurasa wa kwanza, na huzuni yake ni kama anaicheza tu kwa ajili yetu.

Kutokana na hapo mengine yanafuata. Kwa Tulsi, Sita anayetekwa na Ravana siyo Sita wa kweli, ni kivuli, wa kweli amefichwa ndani ya moto, na mtihani wa moto mwishoni ndo unamrudisha. Alafu ile hadithi ya Sita kufukuzwa tena baada ya kurudi Ayodhya, iliyopo mwishoni mwa Valmiki, Tulsi hakuisimulia. Wala kuuawa kwa Shambuka, yule Shudra, mtu wa tabaka la chini, aliyekuwa anafanya ibada. Sehemu yake ya mwisho ameijaza mazungumzo ya bhakti.

Nipe mfano wa sehemu moja inayoonyesha kwa nini watu wanampenda.

Kevat, mwenye mtumbwi. Iko kwenye Ayodhya Kand, na watu wa pwani mtaielewa haraka.

Rama amefukuzwa, amefika ukingo wa Ganga na Sita na Lakshmana, anaomba kuvushwa. Mwenye mtumbwi anakataa. Anasema nimesikia habari zako, vumbi la miguu yako liligusa jiwe likageuka mwanamke (hiyo ni habari ya Ahalya, mke wa mtawa, aliyekuwa amelaaniwa), sasa mtumbwi wangu ni mbao, na mbao siyo ngumu kama jiwe, ukigeuka mwanamke nitakula nini mimi na watoto? Nina kazi hii moja tu. Kwa hiyo ukitaka kuvuka lazima kwanza nikuoshe miguu.

Unaona alichofanya? Kuosha miguu ya Bwana ni heshima ambayo watawa wanaitafuta miaka na miaka, na mvushaji huyu wa kasti ya chini anaipata kwa kujifanya anahofia chombo chake. Rama anamtazama Sita na Lakshmana, anacheka. Anaoshwa. Wanavuka. Upande wa pili Rama hana nauli anaona aibu, Sita anatambua anavua pete yake, Kevat anakataa kupokea, anasema leo nimelipwa tayari. Nimewahi kuwaona watu wazima wanalia hapo, wakati wameisikia tangu wakiwa watoto.

## Kazi nyingine

Hanuman Chalisa ni yake?

Kwa mapokeo ndiyo, na ubeti wa mwisho una jina lake ndani. Wapo wasomi wenye shaka. Chalisa inatokana na chalis, arobaini, maana ina chaupai 40, zimetanguliwa na doha mbili na kufungwa na moja. Husomwa hasa Jumanne na Jumamosi. Hii ndo kazi ambayo Mswahili wa kawaida ameshaisikia bila kujua, ikipigwa asubuhi kwenye duka la Mhindu au kwenye hekalu.

Alitunga nini kingine?

Vinaya Patrika ni barua ya maombi kwa Rama, kama mtu anayepeleka shauri kwenye baraza la mfalme, anapitia kwanza kwa wote wenye nafasi pale wamuombee. Kwa uzuri wa lugha wengi wanaiweka sambamba na Manas. Iko kwa Kibraj, lugha nyingine ya kaskazini mwa India.

Kavitavali nimeshaigusa kwenye swali la maneno. Humo pia analia kwa ajili ya watu wenye njaa, anasema mkulima hana kilimo, ombaomba hapati sadaka, mfanyabiashara hana biashara, mfanyakazi hana kazi, watu wanaulizana "twende wapi, tufanye nini?" Anasema moto wa tumbo ni mkubwa kuliko moto wa chini ya bahari. Zipo pia Gitavali, Dohavali, Krishna Gitavali inayomhusu Krishna, na Hanuman Bahuk ambayo aliitunga akiwa na maumivu makali ya mkono.

## Namna inavyoishi kwa watu

Inasomwaje?

Kuna wanaoisoma yote kwa siku tisa, wengine mwezi mzima, na kuna ile ya kupokezana bila kukatiza takriban saa 24, inaitwa akhand path. Sundar Kand, ambako Hanuman anaruka bahari kwenda Lanka, inasomwa peke yake majumbani mtu akiwa na shida. Alafu kuna katha, ambapo msimuliaji anakaa siku kadhaa anaimba beti na kuzieleza mbele ya umati.

Na kuna Ramlila, mchezo wa jukwaani wa hadithi nzima. Wa Ramnagar, ng'ambo ya mto kutoka Varanasi, unachukua siku 31, kila tukio lina sehemu yake mjini, watu wanatembea kufuata hadithi, na waimbaji wanasoma Manas yenyewe. UNESCO iliingiza Ramlila kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008.

Ilifikaje nje ya India?

Kwa vibarua wa mkataba. Kuanzia miaka ya 1830 watu wa Bihar na Awadh, eneo la Ayodhya, walipelekwa Mauritius, Trinidad, Guyana, Suriname, Fiji, wakaenda na Manas, wengine kwenye kitambaa wengine kichwani tu. Kwenye mashamba ya miwa ndo ilikuwa shule na hekalu.

Mbona huku kwetu Wahindu hawaitaji sana?

Kwa sababu historia ni tofauti. Vibarua wa reli ya Uganda, 1896 hadi 1901, walitoka zaidi Punjab, na wafanyabiashara wa Zanzibar, Mombasa na Dar walitoka zaidi Gujarat na Kutch. Kwa Wagujarati mshairi wa nyumbani ni Narsinh Mehta, na Mirabai. Ila Tulsi yupo, kwa Chalisa na Sundar Kand. Na Gandhi, Mgujarati wa Porbandar, mji uliofanya biashara na pwani yetu, alisimulia alivyoisikia Ramayana ya Tulsidas ikisomwa kwa baba yake mgonjwa, akaja kuiita kitabu kikubwa kuliko vyote kwenye maandiko ya ibada.

## Maswali magumu

Ni kweli kuna ubeti unaosema wanawake na watu wa chini wapigwe?

Upo. Kwenye Sundar Kand kuna mstari unaotaja ngoma, mshamba, Shudra, mnyama na mwanamke kwamba wote wanastahili "tadana". Mwaka 2023 ulileta mabishano makali sana Bihar na Uttar Pradesh.

Wanaoutetea wanasema hayo ni maneno ya Bahari, ambayo kwenye hadithi inazungumza kama mtu, akijishusha mbele ya Rama, siyo ya Rama wala ya Tulsi, na wengine wanasema tadana hapo ni kuelekeza siyo kupiga. Hoja ya kwanza ina ukweli. Ya pili mimi hainiingii, na neno lenyewe kwa matumizi ya kawaida ni kuadhibu. Tena siyo mstari huo tu, akieleza zama za uovu kwenye sehemu ya mwisho anataja Mashudra kuwafundisha Mabrahmin kama dalili ya dunia kuharibika. Wadaliti, watu wa chini kabisa kwenye mfumo wa kasti, wanaoumizwa na maneno haya hawajakosea kusoma.

Lakini mtu huyohuyo ndo aliyemtunga Kevat, na Shabari, mwanamke wa porini ambaye Rama anamwambia kwamba mimi natambua uhusiano mmoja tu, wa bhakti. Nampenda sana Tulsi na siwezi kuufuta upande wowote.

Ile hadithi ya mke wake ni ya kweli?

Mapokeo yanasema alimpenda mkewe Ratnavali kupita kiasi, siku moja kaenda kwao, Tulsi akavuka mto wa mafuriko usiku kumfuata, mke akamwambia ungempenda Rama nusu ya unavyoupenda mwili huu wa nyama na mifupa ungeshaokoka. Akaondoka hapohapo akawa mtawa. Yeye mwenyewe hajaisimulia hivyo popote. Hata mwaka wake wa kuzaliwa una matoleo matatu, 1497, 1511 na 1532, wasomi wengi wanaelemea kwenye 1532.

Mimi siyo Mhindu, nianzie wapi?

Anza kwa kusikiliza. Tafuta Sundar Kand ikiimbwa, kaa nayo nusu saa bila tafsiri usikie chaupai zinavyokwenda na doha inavyokata. Alafu chukua tafsiri ya Kiingereza au ya Kihindi cha sasa, Gita Press ya Gorakhpur wanazitoa kwa bei ndogo, wana na ya Kigujarati, soma Ayodhya Kand kwanza, Bal Kand rudi nayo baadaye maana ina utangulizi mrefu unaokatisha tamaa. Na ukikaribishwa kwenye usomaji nyumbani kwa mtu, vua viatu, kaa chini, kitabu usikiweke sakafuni, na prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa Mungu, wakikupa mwishoni ipokee kwa mkono wa kulia.